Mama Koki, Mzee Kisilu na Majani ya Rangi

Marehemu Rodah Koki Kisilu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 kijijini Kyawango, Mwala, akiwa binti wa kwanza wa Mzee Ndete na Mama Kalekye. Mamake alizoea kusimulia kwamba mtoto huyo alitoka amekunja uso, kama mtu aliyesubirishwa mlangoni. Waombolezaji wasishangae kusikia jambo kama hilo likisomwa mbele ya jeneza. Marehemu mwenyewe aliwaonya wanawe akiwa angali na nguvu zake: "Siku yangu ikifika, msisome eti nilikuwa mpole. Watu watainuka waje kuangalia kama ni mimi mliyemlaza humo." Wanawe wametii. Mama Koki alikuwa mkweli, mchapakazi na mcha Mungu, na subira yake ilikuwa fupi kama mkia wa mbuzi.

Alianza masomo mwaka wa 1968 katika shule ya msingi ya kijijini, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1974, kisha akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka wa 1978. Alipenda hesabu, na alipenda somo la ushonaji zaidi. Siku moja mwalimu alileta nyuzi za kudarizi na kuwaambia wasichana wachukue za buluu.

"Mwalimu, hizi ni rangi mbili," Koki akasema.

"Zote ni buluu, Koki. Kaa chini."

"Basi moja imedanganywa."

Alitolewa nje asimame juani na zile nyuzi mkononi mpaka atakapoona ni sawa. Kengele ikalia, wenzake wakaenda kula, naye akabaki pale pale. Hakuziona kuwa sawa siku hiyo wala siku nyingine.

Mwezi wa Januari 1980 alikuja Nairobi, akakaa kwa shangazi yake Jericho huku akijifunza kupiga chapa. Shangazi huyo ndiye aliyemtuma Gikomba kununua mwiko, na huko akakutana na mchongaji kutoka Wamunyu aitwaye Kisilu Kivuva. Koki aliushika mwiko, akaugeuza, akasema mpini ni mfupi, mtu ataungua. Kisilu hakubishana. Alichukua kipande kingine cha mti akachonga mwingine mbele yake, naye Koki, ambaye alikuwa amejiandaa kwa vita, akaulipia. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 13 Desemba 1986.

Hata siku hiyo njema haikupita bila kumchosha. Wasimamizi walivaa rangi ya damu ya mzee, na bwana harusi alipewa kipande cha kitambaa kile kile aende nacho mjini atafute tai. Asubuhi ya harusi alifika amevaa tai ya kijani.

"Kisilu, hiyo ni nini?"

"Ni tai."

"Ya rangi gani?"

"Si hiyo uliyosema?"

Hapakuwa na muda wa kugombana, kwa kuwa mchungaji alikuwa amekwisha kufungua kitabu. Picha zipo. Kwa miaka mingi Mama Koki aliwaonyesha wageni picha hizo huku akisema kwamba Mungu alimpa mume mwema, ila masikio alimpa ya pambo.

Walijaliwa watoto wawili, Mutheu na Muoki. Mwaka wa 1994 aliajiriwa katika duka la jumla la vitambaa la Bi Falis Abdiqadir kule Eastleigh, akafanya kazi hapo mpaka alipostaafu mwaka wa 2020. Aliajiriwa kuandika stakabadhi, lakini wateja walimfuata kwa sababu ya macho yake. Fundi cherehani angekuja na kipande kisichozidi ukucha, Koki angekiangalia mara moja, akapita katikati ya majora na kurudi na jora lenyewe. Fundi akianza kusema labda hili lingine limekaribia, aliambiwa, "Limekaribia ni jirani. Wewe umekuja kutafuta ndugu."

Hapo dukani, kwenye giza la ngazi, palikuwa na mmea ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. Wauza miche wa kando ya barabara huuita koliasi. Ulikuwa umerefuka na kukonda ukitafuta mwanga, majani yamebaki machache juu, na kila aliyepita aliumwagia chai iliyobaki kikombeni. Koki aliuvumilia kwa wiki nzima.

"Falis, huu mmea umekukosea nini?"

"Mimi? Niliukuta hapa. Kama unautaka, chukua."

Alikata vichwa vyake, akaviweka kwenye glasi ya maji dirishani. Vilipotoa mizizi akavipanda, na mwanga ulipovifikia, majani yakafunguka: katikati rangi ya damu ya mzee, kisha ukanda wa kijani cha ndimu, na ukingoni mstari mwembamba wa manjano. Bi Falis anasema asubuhi ile Mama Mutheu aliwasubirisha wateja akitazama dirishani.

Tangu hapo nyumba yake haikukosa koliasi. Familia ilipohamia Pipeline mwaka wa 2003, ghorofa ya nne, alijaza roshani mikebe na madebe mpaka nguo zikawa zinaanikwa kwa zamu. Jengo la jirani lilikuwa karibu mno hivi kwamba jua liliingia asubuhi kidogo likaondoka, na kidogo hicho kilimtosha, maana koliasi hupenda jua changa na kivuli cha mchana. Kilichomshinda ni watu. Mtunzaji wa ploti, Ooko, alipanda ngazi karibu kila wiki.

"Mathe, maji ya maua yako inaangukia nguo za watu huko chini."

"Ooko, mimi humwagilia kwa kikombe. Hayo yanayoanguka ni ya bomba lako la ghorofa ya tano, linavuja tangu Krismasi. Njoo uguse."

Ooko aligusa, akashuka, na wiki iliyofuata akapanda tena na malalamiko yale yale, kwa kuwa kulizuia bomba kulimshinda na kumwambia Mama Koki kulionekana rahisi.

Lakini aliyemchosha kuliko Ooko alikuwa Mzee Kisilu. Hakuwahi kuyasema vibaya majani yale, na hakuwahi kuyasema vizuri. Mkewe angemwita roshani: "Baba Mutheu, hebu ona hili lilivyotoka leo." Mzee angekuja, aangalie kwa adabu, aseme, "Ni zuri." Angeitwa aone lingine lisilofanana na la kwanza hata kidogo, aseme, "Hili pia." Mama Koki alihisi ni kama kumwimbia mtu aliyelala.

Mwezi wa Machi 2009 mamake aliugua, naye akaenda Kyawango kumuuguza. Katika mkebe mmoja kulikuwa na mashina mawili. Moja lilikuwa limeacha rangi na kutoa majani ya kijani kitupu, kama koliasi inavyofanya wakati mwingine, na shina kama hilo lisipoondolewa humshinda mwenzake nguvu. Lile la pili ndilo lilikuwa uzao wa mwisho wa mkebe wa Eastleigh. Kabla ya kuondoka alimwambia mumewe polepole, neno kwa neno: "Hilo la kijani ling'oe. Hilo jekundu usiliguse."

Aliporudi alikuta shina la kijani limenawiri peke yake.

"Uling'oa lipi?"

"Lile ulilonituma."

"Na hili ni lipi?"

"Ni lile ulilosema nisiguse."

Alilisema kwa utulivu, bila kuinua sauti, na utulivu huo ndio uliomuumiza mkewe. Alidhani anafanyiwa mzaha. Alifunga nguo zake akaenda kwa dada yake Kavinya, Umoja, akakaa huko wiki baada ya wiki. Wazee wa kanisa walipomfuata, mmoja alimuuliza kama kweli mama mzima anaacha nyumba kwa ajili ya jani.

"Sikuondoka kwa ajili ya jani," akajibu. "Nimeishi na mtu anayenitazama mdomo nikisema, halafu anafanya lake. Leo ni jani. Mimi nataka kujua tangu lini."

Wazee walikunywa chai wakaondoka. Wakamwendea Mzee Kisilu mwenyewe. Aliwaambia tu kwamba alifanya alivyoambiwa, na alivyozidi kusema hivyo ndivyo alivyozidi kuonekana mkaidi.

Hatimaye mzee alitokea dukani Eastleigh akiwa amebeba sanduku la kupandia maua, la mti wa jakaranda, amelichonga majani pande zote nne. Bi Falis alimkaribisha kiti na chai. Mama Koki alilizunguka lile sanduku. Kila jani lilikuwa na mishipa yake na meno yake, na hakuna mawili yaliyofanana. Aliinama akaangalia chini.

"Maji yatatokea wapi?"

Mzee alilipindua, akalitazama. "Sikufikiria maji."

Bi Falis aliuziba mdomo kwa mtandio. Mama Koki akachukua mkoba wake. "Twende tukatafute keekee ya kutoboa tundu," akasema, na jioni hiyo akalala kwake Pipeline. Hakuna aliyemwomba mwenzake msamaha, na Kavinya anasema mpaka leo hajui walipatana vipi.

Mwaka wa 2014 walihamia Njiru, kwenye nyumba yao wenyewe yenye ua mdogo, na majani yakapata ukuta mzima wa upande wa mashariki. Majirani wakaanza kuomba vikonyo vya kupanda. Mama Koki alitoa kwa mkono mkunjufu, kisha akafuata kukagua, na hapo ndipo urafiki ulipojaribiwa. Mama Okoth, jirani wa mkono wa kushoto, aliliweka lake juu ya nguzo ya geti, jua la saa nane likalichoma.

"Mama Okoth, mimi nilikupa ua jekundu. Hili la rangi ya maji ya mchele umelitoa wapi?"

Mwingine aliyaacha yachanue vile viua vyembamba vya buluu akifurahi kwamba sasa yamekuwa maua kamili. Aliambiwa kwamba koliasi ikiachwa ichanue inazeeka, kwa hivyo avikate, na asipovikata, asimsalimie kanisani. Walivikata. Leo ukitembea mtaa wetu wa Njiru, kila baraza ina rangi, na hakuna baraza ambayo mwenyewe hakugombezwa.

Mwaka wa 2019 mafundi cherehani walianza kurudisha vitambaa dukani. Rangi hazilingani, walisema. Mama Koki alilaumu taa, zikabadilishwa. Akawalaumu waliotia rangi vitambaa, halafu mafundi wenyewe, ambao kwa maoni yake walikuwa wamezoea vibaya. Siku alipompita Bi Falis mlangoni bila kumwona, Bi Falis alifunga duka mchana na kumpigia Mzee Kisilu simu.

Kliniki alihudumiwa na tabibu wa macho, Bwana Shiundu. Alimpima, akamweleza kwa upole kwamba ni presha ya macho, imeshakula sehemu kubwa, na dawa zitachelewesha kilichobaki. Kwa kuwa mgonjwa alilalamika kuhusu rangi, alimfungulia pia kitabu chenye duara za madoa, amtajie nambari anazoziona ndani.

"Nane," akasema Mama Koki, akikisogeza karibu. "Hii ni tano. Hii imefifia, lakini ni kama sita."

Mzee Kisilu aliinama juu ya bega lake. "Mnaziona wapi hizo nambari?"

Bwana Shiundu alimtazama, akageuza kitabu upande wake, akafunua kurasa moja baada ya nyingine. Mzee aliona madoa. Hakuona kingine. Tabibu akamwambia kwamba kwake yeye nyekundu na kijani ni kitu kimoja, kwamba amezaliwa hivyo, na kwamba wanaume wa aina hiyo ni wengi.

Mama Koki akamgeukia mumewe.

"Na kwa nini hukuwahi kusema?" akamuuliza.

"Ningesema nini, Mama Mutheu? Sikujua kuna kitu sikioni. Nilidhani sote tunaona sawa, ila nyinyi mna majina mengi."

Walifika nyumbani, Mama Koki akaketi. Ndipo akauliza, "Na lile la Pipeline?"

"Nilitafuta lipi la kijani na lipi jekundu, sikujua. Nikang'oa lile lililokonda."

Alikasirika jioni ile kuliko siku nyingine yoyote, kwa sababu hasira ya miaka yote ilikuwa imekosa mwenyewe. Alisema angalau mtu mkaidi unaweza kumfokea. Halafu akalia, jambo ambalo Mutheu, binti yake, hakuwa amelishuhudia hata kwenye mazishi ya nyanyake, na haikujulikana analilia macho yake au ya mumewe.

Macho yalizidi kufifia. Kufikia mwaka wa 2022 aliona mwanga na kivuli tu. Mutheu, kwa nia njema, akasema, "Mama, si tuyatoe, tupande sukuma wiki? Hiyo angalau italiwa." Alijibiwa kwamba sukuma wiki ipo sokoni kila siku, na kwamba siku atakayosikia jembe kwenye ukuta ule ndiyo siku atakayohama.

Basi kazi ikabaki kwa wawili hao: mama aliyezijua rangi zote na haoni hata moja, na mzee anayeona kila kitu isipokuwa rangi. Waliofika asubuhi waliwakuta ukutani wakibishana.

"Hili lina meno," mzee angesema.

"Meno ya aina gani?"

"Madogo, kama ya msumeno wa chuma. Katikati pana giza kama mpingo uliopakwa mafuta. Pembeni peupe peupe."

"Si peupe, ni manjano. Hilo ni lile nililotoa Kyawango. Limeinama?"

"Kidogo."

"Basi lina kiu. Nusu kikombe. Nusu, Baba Mutheu. Jana ulimwagilia ama uliosha?"

Mkono wa mchongaji ulikuwa mzuri wa kunyofoa vichwa ili mashina yatanuke, na jicho lake liliviona vile vidudu vyeupe kama pamba chini ya majani kabla havijaenea. Maji ndiyo yaliyomshinda. Mama Koki alitia kidole kwenye udongo wa kila chombo, akaguna kila mara. Hata hivyo ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yao mzee kulitazama jani na kusema zaidi ya maneno mawili, na mkewe, ambaye zamani hakuwa na muda wa maelezo marefu, alimwacha aseme mpaka amalize. Kisha akamrekebisha.

Mwezi wa Januari 2025 miguu ya Mama Koki ilianza kuvimba, na madaktari wakasema ni moyo. Alitibiwa akiwa nyumbani mpaka tarehe 21 Juni, alipolazwa. Baridi ya mwaka huu ilikuwa kali, na koliasi haipendi baridi, kwa hivyo mzee aliingiza vyombo vyote sebuleni, akalala na kula katikati ya majani. Kila alipokwenda hospitalini aliulizwa juu ya majani kabla ya wajukuu.

Jumatatu ya mwisho alimpelekea kikonyo ndani ya glasi. Muuguzi akamwambia kwamba mimea hairuhusiwi wodini.

"Ni ya kuonyesha tu, binti yangu. Nitaondoka nayo."

Mama Koki alinyoosha mkono usio na dripu. "Umekatia wapi?"

"Chini ya kifundo."

"Majani ya chini umetoa?"

"Nimetoa."

"Na vichwa vya maua?"

"Vyote."

Alilipapasa shina kutoka juu mpaka chini, taratibu, akitafuta kosa. Mutheu na Muoki walikuwapo, wakasubiri.

"Sawa," akasema. Halafu kidole chake kikagusa maji. "Lakini glasi umeijaza sana."

Alifariki alfajiri ya Jumatano, tarehe 9 Julai 2025, akiwa na umri wa miaka sitini na minne.

Ameacha mumewe, Mzee Kisilu Kivuva, watoto wake, Mutheu na Muoki, wajukuu watatu, dada yake Kavinya, rafiki yake Bi Falis Abdiqadir, aliyefunga duka leo ili awe nasi, na majirani wengi wa Njiru. Mzee Kisilu ameomba itangazwe kwamba anayetaka kikonyo aje nyumbani mwezi wa Septemba, baridi ikiisha, kwa sababu mashina sasa ni mengi kuliko nyumba, na yeye peke yake hawezi kuyatunza yote.

Rodah Koki amemaliza kazi yake. Mungu wetu ampe pumziko lenye amani.